Homa iliondoka, mimi sikuinuka. Huu mwezi wa 14 sasa

#1 ukhti_wa_Wete

Assalaam alaykum nyote. Miaka mingi nasoma humu kimya kimya, leo naandika. Nimeandika kwa vipande kwa siku mbili, maana nikikaa na simu zaidi ya dakika kumi kichwa kinajaa ukungu. Nivumilieni.

Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi, Pemba, upande wa Wete. Umri 36, watoto wawili. Masika ya mwaka jana nilipata homa kali, macho yanauma kwa nyuma, viungo kama vimetwangwa kwa mchi. Nikaambiwa dengi. Wiki ya pili homa ikaondoka, watu wakaja kunipa pole, wakala chai wakaondoka, nami nikasubiri nguvu zirudi. Mpaka leo nasubiri.

Huu si uchovu wa kazi. Uchovu wa kazi naujua, nimelelewa kwenye karafuu. Msimu ukifika tulikuwa tukichambua mpaka usiku, vidole vimekuwa vyeusi, na asubuhi tunaamka wazima. Huu ni mwengine. Jumamosi nikifua nguo za watoto, beseni mbili tu, siku ile ile najiona vizuri. Jumapili koo linaanza kuuma na tezi za chini ya taya zinavimba. Jumatatu siwezi kunyanyua mkono nikachana nywele. Mwili wote unauma kama ile dengi imerudi, na homa nikipimwa hamna. Hukaa siku tatu, nne, mara nyengine wiki, ndipo narudi pale nilipokuwa.

Nalala saa tisa nzima na naamka kama sijalala. Darasani nasahau jina la mtoto niliyemsomesha mwaka mzima. Nikisimama sana ubaoni moyo unakwenda mbio, nashika meza.

Malaria nimepima sikumbuki mara ngapi. Sukari sawa. Homa ya matumbo nimetibiwa mara tatu. Daktari wa mwisho akaniambia, "Mwalimu, wewe huumwi, una mawazo." Mama mkwe anasema ni kijicho, nimeshakunywa kombe mara mbili, na mganga mmoja kasema nina mtu, yaani jini. Mume wangu hajanena neno, Mungu ambariki, lakini naona anavyonitizama nikijilaza saa nne asubuhi.

Kuna aliyepitia hivi? Ni kitu gani hiki?

#2 Mpemba_Halisi

Pole mwalimu. Ila hiyo ya kuchoka akifua, wangu wa nyumbani anayo tangu siku ya harusi.

#3 BiKidude_wa_mtaani

Yakhe, mwache mtu aeleze tabu yake. Kwani wewe mara ya mwisho kufua ni lini?

#4 habasoda_original

Ukhti hiyo ni sumu imejaa kwenye damu. Nina unga wa kusafisha, siku 21 tu umerudi kama zamani, wengi wamepona. Njoo faragha nikupe bei.

#5 BiKidude_wa_mtaani

Sumu gani hiyo isiyokuwa na jina? Peleka biashara yako huko kwenye biashara.

#6 tabibu_shamba

Bi Mwalimu, nimekusoma mara mbili. Mimi ni tabibu, si bingwa, nafanya kazi Unguja shamba, na mtu hatibiwi kwa simu. Lakini umesema jambo moja ambalo sikuweza kulipita: kwamba unafua Jumamosi na kuanguka Jumatatu.

Mwenye damu pungufu akipanda ngazi huhema pale pale. Mwenye moyo mbovu, pale pale. Mwenye sonona tangu asubuhi hana hamu ya hiyo beseni, na ukimtoa akatembea kidogo mara nyingi huchangamka. Wewe hamu unayo, kazi unaifanya, kisha mwili unakuja kudai baada ya siku moja au mbili, na unadai zaidi ya ulichokopa. Hiyo ndiyo alama kuu ya maradhi yanayoitwa ME/CFS. Kwa Kiswahili wengi husema uchovu sugu, na mimi jina hilo silipendi, maana hakuna ambaye hajawahi kuchoka, kwa hivyo kila mtu anadhani anaujua.

Mwaka 2015 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilipitia tafiti na kuweka vigezo vyepesi kukumbuka. Kwanza, uwezo wa kufanya shughuli zako za kawaida umeporomoka kwa zaidi ya miezi sita, na mapumziko hayakusaidii. Pili, huo mporomoko baada ya kujituma, wa mwili au wa akili. Tatu, usingizi usioburudisha. Halafu lazima kuwe na moja kati ya mawili: ukungu wa akili, au mwili kutohimili kusimama. Wewe yote mawili umeyataja. Waingereza kwenye mwongozo wao wa 2021 hawangoji miezi sita, kwao miezi mitatu inatosha kuthibitisha.

Sasa usikimbilie kujibandika jina. Ugonjwa huu hauna kipimo cha damu wala picha ya kuuonesha. Unafikiwa kwa kusikiliza historia na kwa kuondoa mengine, na mengine hapa kwetu ni mengi na yanatibika. Nakuuliza: umepimwa wekundu wa damu? Akiba ya chuma, yaani feritini? Tezi la shingo, kipimo cha TSH? Figo, ini, homa ya ini B? VVU? Mkojo kutizamwa kichocho? Choo kutizamwa safura? Kikohozi cha muda mrefu au kukonda, nikufikirie TB? Unakunywa maziwa yasiyochemshwa, maana bruselosi inachosha vivi hivi? Hedhi yako nzito? Unakoroma?

Homa ya matumbo kutibiwa mara tatu bila ya kupona kunakwambia kwamba pengine haikuwa hiyo.

#7 ukhti_wa_Wete

Allah akulipe. Nimelia niliposoma hapo pa kukopa na kudaiwa, nimemsomea na mume wangu.

Wekundu walipima mwanzoni wakasema "uko chini kidogo", nikapewa vidonge vya mwezi mmoja, basi. Feritini sijawahi kuisikia. Tezi hapana. Kichocho nilipewa vidonge nikiwa skuli, siku hizo tunapimwa urefu kwa kile kijiti ili ijulikane vidonge vingapi, baada ya hapo sijapima. Hedhi nzito, ndiyo. Maziwa tunachemsha. Sikoromi, lakini mume wangu ndiye wa kuulizwa.

#8 Mtumbatu_ughaibuni

Dada, mimi niko Uingereza mwaka wa 19 sasa, na maradhi haya ninayo tangu 2013. Nilianza na mafua makali tu. Nilikuwa dereva wa basi.

Nakuandikia kwa sababu moja: usije ukaambiwa "jikaze, ongeza mazoezi kidogo kidogo" ukafuata. Mimi nilifuata. Nilipewa ratiba, wiki hii tembea dakika tano, wiki ijayo saba, ijayo kumi, na ukisikia vibaya usisimame, ni mwili kukosa mazoea tu. Nilianza nikiwa natembea mwenyewe mpaka dukani. Miezi mitano baadaye napelekwa kwa kiti cha magurudumu. Si mimi peke yangu.

Ratiba zile zilitegemezwa kwa utafiti mkubwa uliotoka 2011, wagonjwa 641, ukasema mazoezi ya kupandisha na tiba ya mazungumzo vinaleta nafuu, na wengine wamerudi kawaida. Wagonjwa wakapiga kelele miaka. Walipokuja kuchimba wakakuta maajabu: kwenye kipimo cha uwezo wa mwili, kuingia utafitini ulitakiwa uwe na alama 65 au chini, na kuhesabiwa umerudi kawaida zilitosha 60. Yaani mtu aingie na 65, ashuke mpaka 60, na kwa kipimo hicho ahesabiwe mzima! Oktoba 2021 mwongozo wa Uingereza ukageuzwa, mazoezi ya kupandisha kwa ratiba yakaondolewa kama tiba. Tiba ya mazungumzo ikabaki kwa anayeitaka, imsaidie kuishi na maradhi, si kwamba inayaponesha.

Kinachosaidia ni kujipimia. Kwetu kuna umeme wa Tukuza, sivyo? Unanunua yuniti zako, zikisha zimekwisha. Mtu mwenye afya ana yuniti 100 kwa siku, wewe pengine una 20. Ukitumia 18 kesho unapata 20 tena. Ukitumia 30 umeme hauzimiki pale pale, hilo ndilo linalotuponza, unazimika keshokutwa, na siku zinazofuata unapewa 8. Kazi yako ni kujua zako ni ngapi na kusimama kabla hazijakwisha, wakati bado unajisikia vizuri. Ni ngumu kuliko kujikaza, wallahi.

#9 Kasa_wa_Nungwi

Nisameheni, lakini huu si ugonjwa wa wazungu? Bibi zetu walilima, wakabeba kuni, wakazaa kumi. Hatujasikia uchovu sugu. Siku hizi simu na chipsi.

#10 mtoto_wa_mwani

Bibi zetu walikuwepo waliokuwa "hawainuki", tukawaita wagonjwa wa shetani tukawachezea ngoma. Mama yangu mdogo wa Bwejuu alikuwa hodari wa mwani, anamaliza vigingi vyake kabla ya wenzake. Baada ya homa moja ya wiki mbili akawa kila akishuka pwani siku moja analala siku nne. Wakasema mwani umemroga, wakasema kalala na mume wa mtu. Hakuna aliyesema mgonjwa. Kafa maskini (kwa kitu chengine, mtoto alimgeuka tumboni), lakini miaka sita ile ya mwisho aliishi na jina baya.

Naandika hapa kwa sababu nimesoma habari ya Jumamosi na Jumatatu nikamuona yeye.

#11 Mtumbatu_ughaibuni

Kasa, hata wazungu walisema hivyo hivyo. Mwaka 1955 hospitali ya Royal Free hapa London ilikumbwa na maradhi ya ajabu, wafanyakazi zaidi ya 200 wakaanguka, ikabidi ifungwe kwa muda wa miezi. Wengi wao wauguzi wanawake. Jina la ME likatoka kwenye tukio lile. Miaka 15 baadaye, 1970, madaktari wawili wa akili wakaandika kwamba ilikuwa jazba ya wanawake, na moja ya hoja zao ni kwamba walioumwa wengi ni wanawake! Hawakwenda hata kuwaona wagonjwa wenyewe. Tofauti yao na mganga wako ni koti jeupe tu.

Na hilo jina la "uchovu sugu" liliwekwa Marekani 1988, baada ya wagonjwa wengi kutokea mji mmoja mdogo wa Nevada. Toka hapo kila ukilitaja mtu anakwambia "hata mimi nachoka".

#12 tabibu_shamba

Kasa, swali lako si baya, na nikupe mfano ulio karibu na kwetu kuliko unavyodhani. Kule Dubbo, mji wa shamba Australia, waliwafuatilia watu 253 tangu siku walipougua, wengine virusi vya homa ya tezi, wengine kidudu cha homa ya Q, wengine virusi vya Mto Ross vinavyoenezwa na mbu. Baada ya miezi sita, 11 katika kila mia walikuwa na huu ugonjwa. Na kwa vimelea vyote vitatu idadi ilikaribiana. Kilichobashiri nani atabaki chini ni ukali wa homa ya mwanzo. Si tabia yake, si mawazo aliyokuwa nayo kabla. Matokeo hayo yalitoka 2006.

Sasa virusi vya Mto Ross ni ndugu wa chikungunya, ukoo mmoja. Na chikungunya jina lake ni la Kimakonde, limetoka hapa hapa Tanganyika 1952 na 1953, maana yake kujikunja kwa maumivu. Kwa hivyo tusiseme mbu wa Australia anaacha watu chini na wetu wana huruma. Tofauti ni kwamba wao waliwarudia wagonjwa baada ya miezi sita wakawauliza. Sisi homa ikishuka tunafunga faili.

Baada ya Kovid madaktari wengi ndiyo wameanza kuamini, maana wamewaona wenzao wenyewe.

#13 Kasa_wa_Nungwi

Sawa, nimekubali. Ila chipsi nazo tuzitizame.

#14 ukhti_wa_Wete

Tabibu, hilo la moyo kwenda mbio nikisimama nalo ni humo humo? Nimenunuliwa kifaa cha presha cha mkononi.

#15 tabibu_shamba

Linaweza kuwa humo humo, au limesimama peke yake. Kuna namna ya kupima ukiwa nyumbani, lakini usiwe peke yako, mumeo asimame karibu na kitanda kiwe nyuma. Fanya asubuhi kabla ya joto.

Lala chali dakika kumi kimya. Pima presha na mapigo, andika. Kisha simama, egemeza mabega ukutani, visigino viwe kama shubiri moja kutoka ukutani, usizungumze, usichezeshe miguu. Pima kila dakika mpaka dakika kumi. Ukisikia unataka kuanguka, lala, usishindane.

Mapigo yakipanda 30 au zaidi kuliko ulipokuwa umelala, yakabaki huko juu na presha haikushuka, hiyo ina jina lake na ina matibabu ya kupunguza. Ile namba ya juu ya presha ikishuka 20 au zaidi, hiyo nyengine. Matokeo mpelekee daktari yakiwa kwenye karatasi. Daktari mwenye wagonjwa 60 nje hawezi kukusimamisha dakika kumi, lakini karatasi ataisoma.

Na anza daftari. Kila siku mistari miwili: nimefanya nini, nimekuwaje. Wiki tatu tu. Anayesikia "nachoka" anasikia mtu mmoja katika wale 60. Anayeona "Jumamosi kufua, Jumatatu kitandani" mara tatu mfululizo kwa mwandiko wako ataacha kuandika dawa ya malaria.

#16 Ustadh_Mkoani

Mwalimu, mimi si wa tiba, lakini umesema unasimama ukashika meza, nikafikiria sala. Usijitese. Imran bin Huswayn alipokuwa mgonjwa aliambiwa na Mtume (SAW) asali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu. Huna haja mtu akuone umeanguka ndipo aamini. Hali yako unaijua wewe na Mola wako.

Na funga pia, mgonjwa ana ruhusa, hilo limo ndani ya Suratul Baqara. Anayetarajia kupona atalipa siku nyengine, ambaye maradhi yake hayatarajiwi kuondoka atalisha maskini. Ongea na daktari wako, kisha ongea na shekhe unayemwamini akuangalie hali yako. Walio karibu yako ndio wanaohitaji kuelezwa zaidi, maana "mbona jana ulikuwa sokoni" ni neno linaloumiza.

#17 ukhti_wa_Wete

Ustadh, hilo neno nimeambiwa Ramadhani iliyopita. Nilifunga siku 11, nikalala Shawwal nzima.

#18 mama_Rahma

Mimi nauliza, kwani haiwezi kuwa kweli ni mawazo? Nilikuwa na sonona baada ya mtoto wa pili, na mimi nilikuwa siinuki. Nilitibiwa Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili, nikapona, na sioni haya kusema. Watu wetu wakisikia jina la pale wanakimbia. Tusije tukamkimbiza mtu na dawa inayomfaa.

#19 tabibu_shamba

Mama Rahma, ahsante kwa kusema, na uko sahihi kwamba lazima iulizwe. Sonona inachosha mpaka mifupa, na inatibika. Wapo pia wenye vyote viwili, maana mwaka mzima wa kutoaminiwa unamtia huzuni mtu yeyote.

Swali ninaloliuliza mimi ni hili: "Ukiamka kesho mzima utafanya nini?" Mwenye sonona nzito mara nyingi hunyamaza, au hujibu "sijui". Mwenye ugonjwa huu anakupa orodha ndefu mpaka unamkatiza. Si kipimo cha kitabuni, ni mazoea yangu tu, msinishike nalo.

#20 ukhti_wa_Wete

Ningepiga deki nyumba nzima. Ningekwenda Tumbe kwa dada yangu kwa miguu kutoka barabarani. Ningewasomesha darasa la tano hesabu za sehemu nimesimama, kwa chaki tatu tofauti. Ningepika mkate wa kumimina. Ningegombana na mama mkwe vizuri, nikiwa wima.

#21 Mpemba_Halisi

Mwalimu umejibu swali.

#22 ukhti_wa_Wete

(baada ya wiki tano)

Wapendwa, nimerudi na habari. Samahani kwa kimya, mtaona sababu.

Kipimo cha ukutani: nimelala, mapigo 72, presha 112 kwa 70. Dakika ya tano mapigo 109. Dakika ya nane magoti yakaanza kutetemeka na miguu imekuwa ya zambarau. Dakika ya kumi mapigo 118, presha 108 kwa 74. Mume wangu ndiye aliyekuwa akiandika. Alipoona 118 kwa mtu aliyesimama tu kimya, akaketi chini. Tangu siku ile ananitizama kwa jicho jengine.

Nimekwenda Unguja kwa boti, na daftari la wiki nne, na ile karatasi. Daktari, mwanamke wa makamo, alisoma ukurasa wa kwanza, akafunga mlango, akasoma lote. Wekundu wa damu 10.4. Feritini 9. Tezi sawa, figo sawa, ini sawa, homa ya ini hamna, VVU hamna, mkojo safi, sukari sawa. Kaniambia chuma kimekwisha kabisa, hilo tulitibu kwanza kwa miezi mitatu na hedhi itizamwe, kisha tuone kitakachobaki.

Safari ile ilikuwa siku mbili. Nimelala siku tisa.

#23 habasoda_original

Chuma? Si nilisema damu.

#24 tabibu_shamba

Habasoda, kaa.

Mwalimu, ndiyo maana nilikwambia usijibandike jina. Chuma kikiwa 9 kinachosha kweli, na kinazidisha moyo kwenda mbio ukisimama. Huenda ndiyo yote, huenda ni nusu. Vidonge unywe na ndimu au chungwa, usinywe pamoja na chai, chai inazuia chuma kuingia. Sisi na chai ya maziwa asubuhi ndio tunaopoteza nusu ya vidonge vyetu.

Kwa hilo la kusimama, muulize daktari wako habari ya maji na chumvi. Presha yako haiko juu, kwa hivyo huenda akakuruhusu uongeze, na maji ya kutosha, na soksi za kubana. Mwenye presha ya kupanda asiliguse shauri hili. Joto ndilo adui, tangu saa tano mpaka saa kumi usijipangie kitu.

Tena usikubali kuuziwa dripu za vitamini kila wiki kwa jina la "kuongeza nguvu". Ukikosa B12 utapewa B12. Kama hukukosa unakojoa pesa.

#25 Mtumbatu_ughaibuni

Na vile vinywaji vya kopo vya kuchangamsha, kaa navyo mbali. Hivyo ndivyo kutumia yuniti 30 wakati unazo 20.

Mimi navaa saa inayopima mapigo. Yakifika 105 nakaa, hata niwe katikati ya duka. Watu wamezoea. Kaa ukikata mboga, kaa ukioga, gawa kazi. Na akili nayo inakula yuniti, kusahihisha madaftari 45 ni sawa na ile beseni yako.

#26 mtoto_wa_mwani

Kwetu hatuendi pwani kila siku. Bamvua tunashuka, maji yakifa tunakaa juu tunafunga kamba. Hakuna anayemwita mvivu mtu aliyekaa juu wakati wa maji mafu. Mwalimu mwambie mama mkwe una bamvua lako.

#27 ukhti_wa_Wete

Hilo limemwingia kuliko yote ya daktari. Kwao Makangale, anajua maji.

#28 nahodha_mdogo

Swali. Dawa yenyewe ya kuponesha ipo au haipo?

#29 tabibu_shamba

Haipo. Hakuna dawa iliyothibitishwa kuuponesha ugonjwa huu, si hapa, si London. Norway walitegemea dawa moja kubwa ya kinga, jaribio la mwisho likaonesha haizidi dawa ya bandia, matokeo yalitoka 2019. Kinachotibiwa ni vipande: usingizi, maumivu (kuna wanaopata nafuu kwa amitriptilini kidogo sana usiku, kwa cheti cha daktari), huko kusimama, na chochote chengine kilichojificha kama hicho chuma. Tafiti zinaendelea. Mwaka 2025 timu ya Edinburgh ilitangaza sehemu 8 za jeni zinazohusiana na ugonjwa huu, kwa kuwapima wagonjwa zaidi ya 15,000. Hiyo bado si dawa.

Wapo wanaopata nafuu kubwa, watoto na vijana zaidi. Wapo wanaobaki pale pale. Na kiasi cha mmoja katika wanne hawatoki nyumbani au kitandani kabisa, hao hatuwaoni hospitali, kwa hivyo tunadhani hawapo.

#30 ukhti_wa_Wete

(baada ya miezi mitatu na nusu)

Assalaam alaykum. Wekundu umefika 12.6, feritini 48. Kupumua kumekuwa kwepesi, nywele zimeacha kutoka, na mapigo nikisimama yanafika 104 badala ya 118. Nikafurahi, nikafua beseni mbili. Jumatatu mmeshaijua.

Nimerudi kwa daktari na daftari la pili. Safari hii kaandika jina, ME/CFS, kwenye cheti, na barua ya skuli. Mwalimu mkuu amenipa kiti na zamu ya asubuhi peke yake, ubaoni wanaandika watoto, wanagombania. Mama mkwe bado ananifukizia ubani, nami namwacha, harufu nzuri.

Leo ni Jumamosi. Nimefua nguo tatu. Tatu tu. Nimekaa kwenye kigoda, mtoto mkubwa amesuuza na kuanika. Nilitaka kuongeza ya nne, mkono ulishafika, nikaurudisha. Jumatatu ntakuja kuwaambia.

#31 BiKidude_wa_mtaani

Tunangoja.

#32 ukhti_wa_Wete

Jumatatu, saa moja na dakika arubaini asubuhi. Nimechana nywele mwenyewe.

#33 Mpemba_Halisi

Alhamdulillah. Na mimi jana nimefua.